Matone Kwenye Sinia la Unga

Wiki tatu nzima Aikande alikuwa akitengeneza mvua ndani ya kompyuta, na wiki tatu nzima mvua hiyo ilikataa kufanana na ya Old Moshi, mteremkoni mwa Kilimanjaro. Alikuwa anasomea uhandisi, na alikuja kukaa kwa shangazi yake Winfrida, muuguzi, kwa sababu zahanati yake ilikuwa na dishi la intaneti ya setilaiti. Alitaka programu yake itabiri mvua itayadhoofisha mawimbi kwa kiasi gani.

Lakini kila kipimo cha mvua kilipojaa, kompyuta ilisema mawasiliano yamekatika. Dishi halikuwa na habari. Mawimbi yalipungua nguvu kidogo tu, na shangazi akaendelea kutuma ripoti zake.

Jumamosi asubuhi Winfrida alikuwa anavuka uani na sinia la unga wa ngano, mvua ikamkuta. Aliingia jikoni akiguna.

"Ona sasa. Unga wote umepata vidonge."

Aikande akachungulia. Kila tone lilikuwa limejiviringisha kwenye unga likawa kidonge, na karibu vyote vilikuwa vidogo kama punje za ulezi.

"Shangazi, mvua ya kule chini Pasua ingefanya hivi?"

"Ile ingechimba mashimo. Ya huku juu ni laini, inashuka na ukungu. Ila ikianza haijui kuacha."

Aikande akageukia kompyuta. Programu yake ilikuwa imejaa matone manene ya tambarare, na hayo ndiyo yanayoyanyang'anya mawimbi nguvu. Madogo, hata yakijaza kipimo kilekile, huyaachia yapite.

"Naliomba hilo sinia."

"Na maandazi je?"

"Leo tule mtori wa ndizi, shangazi."

Akachekecha unga, akalirudisha sinia mvuani, akahesabu hadi tano. Akavikausha vidonge karibu na jiko, akavipima kimoja kimoja kwa rula, akaviingiza kwenye kompyuta. Ilipofika saa tisa alasiri akamwita shangazi yake mbele ya skrini, sauti ikiwa chini.

"Mstari mwekundu ni dishi lako leo asubuhi. Wa bluu ni haya matone ya kwenye unga."

Winfrida akavaa miwani. "Mbona naona mmoja?"

"Ndiyo hivyo. Imelaliana."

Winfrida akavuta kiti, akaketi taratibu. Aikande alikuwa ametafuta kosa kwenye hesabu mara nne, hakuliona.

"Hiyo setilaiti iko mbali kiasi gani?" shangazi akauliza.

"Kilometa elfu thelathini na sita."

"Mawimbi yatoke huko kote, halafu yaje kusumbuliwa na kitu kidogo hivi?"

"Kwenye kilometa chache za mwisho tu. Hapa juu yetu."

Shangazi akatoka nje bila mwavuli, akainua uso kuelekea mawinguni. Aikande akamfuata, wakasimama bega kwa bega, mvua ikiwalowanisha.