Jicho Jekundu la Lambo la Ngulyati

Ndaki wa kidato cha tatu aliamini ameitwa kwenye utumishi, na utumishi wenyewe ulikuwa kuwatisha kidato cha kwanza. Jumapili ya wazazi alibandika kwenye ubao wa matangazo picha ya mnyama mwenye jicho moja jekundu katikati ya uso, pembe ndefu na mkia wa manyoya. Chini yake aliandika kwa unyenyekevu: "Ameonekana lambo la Ngulyati. Tuombeane." Hakuandika kwamba picha ilipigwa kwa simu ya Mwalimu Philomena kupitia hadubini, wala kwamba mnyama mwenyewe hafikii ukubwa wa punje ya ulezi. Angeharibu ibada.

Wazazi waliipiga picha ile picha, wakaisambaza. Kufikia Jumanne, kijiji kizima kilikuwa kimeshaamua ni mnyama wa mchawi, na mchawi ni nani. Kando ya lambo, bwawa la kijiji, aliishi Bibi Nyamizi, peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Ndaki aliyajua macho hayo. Kila Jumamosi alikwenda kula michembe ya bure, viazi vitamu alivyovikausha bibi mwenyewe.

"Sungusungu wako kwa Bibi Nyamizi!" Monika, mwanafunzi mwenzake, alifika akihema. "Wana mapanga. Wanasema amtoe mnyama wake kabla jua halijazama, la sivyo wanamtoa yeye."

Ndaki alikimbilia maabara, akakumbatia hadubini kama mtoto mchanga, akatoka mbio.

Bibi Nyamizi alikuwa ameketi mlangoni, kanga kichwani, wanaume wamemzunguka. Mbele alisimama Luhende, kamanda wa hao walinzi wa kijiji.

"Mwadila, baba," Ndaki alisalimia.

"Mwadila. Rudi shule."

"Mnyama ni wangu. Mimi ndiye niliyebandika picha."

Mapanga yalimgeukia yeye.

"Yumo humo ndani ya chuma?" mmoja aliuliza, akirudi nyuma.

"Yumo lamboni. Nitawaonesha."

Alichota maji, akadondosha tone kwenye kioo, akaelekeza kijioo cha chini kwenye jua. Aliona takataka tu. Akadondosha jingine: mwani. Upande wa Maswa wingu lilikuwa linapanda. Kwa haraka alilimwaga tone la tatu. Akachota tena, na safari hii kitu kiliruka mbele ya jicho lake, kikatulia.

"Baba, njoo!"

Luhende aliinama. "Naona giza."

"Umefumba yote mawili. Fumba moja, kama unakonyeza."

"Mtu mzima hakonyezi."

"Leo akonyeze, baba. Nakuomba."

Wingu likafunika jua. Sasa giza lilikuwa giza kweli. Nyuma yao mtu alisema mtoto anawachezea, na mwingine akamshika Bibi Nyamizi mkono, akamwinua.

"Mwache kwanza," alisema Luhende, bila kunyanyua kichwa.

Jua likarudi.

"Mayu!" Kamanda alinong'ona. "Utumbo wake unacheza. Namwona mpaka ndani. Na amebeba mizigo miwili ubavuni, kama punda wa maji."

"Mayai, baba. Ni jike."

Luhende alichomoa kioo, akakiinua juani. Ndani ya tone kidoa cheupe kiliruka.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

Mwenye panga kubwa kuliko wote aliliangalia panga lake, akakiangalia kidoa, kisha akalificha nyuma ya mguu.

"Na tunamnywa?"

"Kila siku, msipochuja."

Mmoja alitema mate. Kioo kikarudi mahali pake, wakapanga foleni, wanaume wazima wakikonyezana na chuma, hadi jua lilipolegea. Wa mwisho alikuwa Bibi Nyamizi. Aliangalia muda mrefu kuliko wote.

"Jicho jekundu kweli," alisema. "Naye anapikia kuni?"

Watu walianza kuondoka mmoja mmoja, bila kuaga. Ndaki alibaki na hadubini ya shule.

"Bibi, Jumamosi nita..."

"Usije. Michembe imeisha."

Nyuma yake, juu ya jamvi, michembe ilikuwa imeanikwa tele.