Goti la Kushoto

Mama yake mdogo alikuwa na neno moja tu juu yake: mshika mbili, moja humponyoka. Mwenyewe, ambaye wenzake walimwita Unyoya, alikuwa ameshika nne. Alicheza bale, ngoma ya jukwaani ya kusimamia ncha za vidole, katika kundi la ukumbi mkubwa, Jumatatu akawanyoosha viungo wazee hospitalini, Jumatano akawafundisha wachezaji wa mpira kuruka na kutua bila kuvunjika, na kila Jumamosi alikuwa na wasichana wake kumi na wawili katika chumba chenye kioo ukuta mzima. Hakuna kilichomponyoka, ila goti.

Goti la kushoto lilikuwa likimuuma kwa miezi miwili sasa, naye alijikaza kisabuni, asimwambie mtu. Kundi lilikuwa likiandaa onyesho jipya, na nafasi kuu amepewa yeye, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitatu. Mficha maradhi kilio humuumbua, wahenga walisema. Lakini wahenga hao hawakuwahi kungoja nafasi miaka kumi na mitatu.

Jumamosi hiyo mkurugenzi wa kundi, mama wa makamo asiye na maneno mengi, akaja darasani kuchagua watoto wanne wa kucheza katika onyesho. Akaketi kwenye kiti cha plastiki, daftari mapajani. Watoto wakaruka mmoja mmoja. Mruko ule hutakiwa kutua kwa miguu miwili pamoja. Wa kwanza akatua kwa mguu wa kulia, wa kushoto ukafuata kwa kuchelewa kidogo. Wa pili vilevile. Kufikia wa tano, Unyoya alikuwa anatoka jasho shingoni. Mtoto wa bale hashiki unachosema, hushika unachofanya.

Mkurugenzi akafunga daftari. "Pole, mwalimu. Hawa bado. Wote wana kosa lilelile, na onyesho ni mwezi ujao. Nitatafuta kwingine."

Mdogo kuliko wote, waliyemwita Sisimizi, akainamisha kichwa, akaanza kuchezea utepe wa kiatu chake. Unyoya angeweza kunyamaza. Alitaka kunyamaza, kusema kweli, na alijichukia kwa kutaka hivyo.

"Kosa si lao," akasema. "Wameniiga mimi. Goti langu la kushoto ni bovu, nimekuwa nikilionea huruma kila nikitua. Wape nusu saa, mama."

Mkurugenzi akalitazama goti, kisha uso wake. "Unajua unachokisema?"

"Najua."

"Sitaweza kukuweka jukwaani."

"Najua, mama."

Unyoya akavuta kiti, akafundisha akiwa ameketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akapiga mapaja kwa viganja viwili kwa pamoja. "Nataka sauti moja. Nikisikia mbili, unarudia." Wakarudia mpaka madirisha yakaingia ukungu. Aliyaonea wivu magoti yao, na aliona uchungu kuwaonea wivu watoto. Nusu saa ilipokwisha, sakafu ilitoa sauti moja.

Mkurugenzi akaandika majina manne, Sisimizi akiwemo. Alipokuwa akitoka akamshika Unyoya bega.

Unyoya akainuka kwenda kuchukua mkoba wake. Kwa kuwa hapakuwa na cha kuficha tena, akachechemea waziwazi. Kwenye kioo akamwona Sisimizi nyuma yake, shingo imenyooka, uso makini, naye anachechemea.

"Hiyo usiige," akamwambia. "Hiyo ni yangu."