Sare Iliyomkaa Hippolyte

Kitu cha kwanza ambacho Louise alikiona ni mikono. Tangu wanajeshi wa Kasongo wapewe sare mpya, kila aliyepita sokoni alikuwa na mkono mmoja kiunoni, ameshika suruali isishuke. Wafupi walikunja miguu ya suruali mara tatu. Warefu walitembea na vifundo vya miguu nje, kama watoto waliokua ghafla. Louise aliwatazama kutoka nyuma ya cherehani yake, kwenye baraza la papa Yakubu, fundi aliyemfundisha kazi tangu alipoacha shule akiwa darasa la nne. Hakumwambia mtu alichokiona. Hakuwa na desturi ya kuwaambia watu mambo.

Wenyewe walisema. Walikuja barazani, wakamwaga yote bila kuulizwa.

"Papa Yakubu, ile ya zamani ilikuwa inapitisha upepo. Hii ni mufuko wa muhogo."

"Ukipiga magoti, inachanika nyuma. Adui atacheka kwanza, kisha apige."

"Walipima mutu gani hawa? Mimi naona walipima mulango."

Papa Yakubu alicheka pamoja nao, kisha akawajibu vilevile wote: sare ya serikali haiguswi na mkasi bila karatasi ya mkubwa. Yeyote atakayeipunguza atafungwa pamoja na fundi wake. Basi waliondoka kama walivyokuja, mkono kiunoni.

Siku moja kaka yake Louise alifika kutoka Kabambare, vumbi la njia limemfanya mzee. Hippolyte alikuwa mwanajeshi huko, na alikuwa amepewa ruhusa ya siku nne. Alivaa kaptula na singleti. Louise alimtazama kuanzia juu hadi chini, na Hippolyte akaelewa swali.

"Nguo iko na Feruzi," alisema. "Wiki hii ni zamu yake."

Kabambare sare zilifika nusu. Sare moja, watu wawili. Mmoja akisimama kwenye ulinzi, mwenzake anabaki nyumbani na kaptula, na Jumamosi wanabadilishana. Feruzi alikuwa mnene kama pipa; Hippolyte, wiki yake ilipofika, alijifunga suruali ile kwa kamba ya mbuzi. Walikwisha kuzoea, hata wakawa wanataniana kwamba wameoa mke mmoja.

Lakini sasa jenerali alikuwa anakuja kukagua, na siku hiyo wote wangesimama uwanjani pamoja. Komanda alikuwa ametangaza: atakayekosa sare mpya jina lake litafutwa, na atakayesimama na ile ya zamani atahesabiwa kuwa mwizi, kwa sababu majambazi wa msituni ndio wanaoivaa.

"Feruzi ana watoto sita," Hippolyte alisema. "Nilimwachia. Lakini miaka tisa, mudogo wangu. Miaka tisa nimelala ndani ya ile nguo ya zamani ya madoa. Nilipigwa risasi nayo, ikanywa damu yangu. Leo wananiambia ni nguo ya mwizi." Akainama, akashusha sauti. "Nishonee."

Kitambaa kilipatikana kwa mama Kavira, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, aliyekiweka chini ya vitenge vyake na hakuwa na tabia ya kuuliza wateja maswali. Hippolyte alikuwa ameazima shati la mwenzake liwe mfano. Louise alimpima kwenye chumba cha nyuma: mabega, kifua, kiuno, urefu wa mguu.

"Sikiliza vizuri," Hippolyte alimwambia. "Uiharibu kidogo. Bega moja lipande. Suruali iwe na makalio ya tembo. Ifanane na za wenzangu."

"Ndiyo, yaya," alisema, kama alivyozoea kumwita kaka yake tangu utotoni.

Alishona siku tatu, mlango umefungwa nusu. Papa Yakubu alichungulia mara mbili, akatazama, akachukua kofia yake akaenda kusali.

Siku ya nne Hippolyte aliivaa. Chumbani kulikuwa na kipande cha kioo. Alisimama mbele yake muda mrefu. Shati lilishuka mabegani kama maji. Suruali ilisimama kiunoni peke yake, haikuomba mkono wala kamba. Kwa mara ya kwanza tangu aingie jeshini, Hippolyte alifanana na mwanajeshi aliye kwenye picha za serikali.

"Louise. Nilikuambia uiharibu."

"Mkono ulikataa, yaya."

Pikipiki ya Kabambare ilikuwa inanguruma nje, dereva anapiga honi. Muda wa kufumua haukuwepo. Hippolyte alikunja uso, kisha akajitazama tena kwenye kioo, na safari hii hakukunja uso. Akaivua, akaificha chini ya mchele ndani ya mfuko, akaondoka nayo.

Baada ya siku kumi Feruzi alimpigia Louise simu.

"Dada, walimukamata yaya yako."

Jenerali alikuwa amepita mbele ya mistari taratibu. Alitazama mtu mmoja baada ya mwingine, gunia kwa gunia, mikono yote ikitaka kukimbilia viuno. Alipofika kwa Hippolyte akasimama. Akamzunguka. Akashika mshono wa bega kwa vidole viwili.

"Huyu peke yake ndiye amevaa nguo," alisema. "Wengine wote wamevaa zile nilizowatumia. Nani amemshonea?"

Hippolyte hakujibu. Walimvua palepale, mbele ya wenzake, wakamweka kwenye kasho, chumba kidogo cha matofali nyuma ya ofisi. Walikuwa wanasema atapelekwa mahakama ya kijeshi huko Kindu, kwa sababu mtu anayejua mahali pa kushona sare anaweza kuwashonea majambazi.

Louise hakuwahi kusafiri peke yake. Alipanda pikipiki asubuhi, na njia nzima alirudia maneno mawili ya kumwambia komanda, kama mtoto anayetumwa dukani. Alipofika mbele ya meza yake, aliyasema huku akitazama miguu ya meza.

"Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliyeshona."

Komanda alimtazama, akatazama sare iliyokuwa imekunjwa kwenye kiti, akacheka hadi akakohoa.

"Kasichana kama wewe? Ungeishona vibaya, tungesema ni ya kwetu. Mutu mwenye nguo iliyomukaa katika kikosi hiki, lazima amekosea mahali." Akafuta macho. Kisha akasimama, na Louise akaona kwamba suruali yake mwenyewe haikufungika. Kifungo kilishikwa na pini. "Hii inanibana tumbo. Unaweza?"

Louise alikubali kwa kichwa.

Alishona kwenye cherehani ya kuazima, sokoni Kabambare, watu wakimtazama. Aliongeza kitambaa kiunoni, akakificha chini ya mkanda. Komanda aliivaa, akatembea ofisini mara tatu, akapiga tumbo lake kwa kiganja. Alikuwa mtu wa shukrani. Barua ya kumpeleka Hippolyte Kindu aliichana mbele ya Louise. Lakini jina la Hippolyte lilikuwa limefutwa na jenerali kwa mkono wake, na mkono wa jenerali, alisema, haufumuliwi. Sare iliyoshonwa Kasongo alibaki nayo. Mdogo wake komanda alikuwa na umbo kama la Hippolyte.

Walimtoa kasho jioni, na kaptula yake na singleti. Feruzi alimsubiri kwenye njia, ndani ya sare yao ya zamu ambayo sasa ilikuwa yake peke yake. Alimpa nusu ya mkate.

Kaka na dada walitembea hadi mahali pikipiki zinapopakia. Hippolyte alitembea akiwa amenyoosha mgongo, mguu wa kushoto ukitangulia, kama watu wanavyofundishwa. Baadaye akakumbuka, akaacha.

"Usilie," alimwambia Louise. "Si kosa lako. Mkono wa fundi ukishazoea kunyoosha, hauwezi kuharibu. Nafahamu. Mkono ulikataa."

Louise alitembea hatua kadhaa. Dereva wa pikipiki alikuwa anawaita wapande. Akashika singleti ya kaka yake, akamsimamisha.

"Haukukataa, yaya. Bega nililipandisha kama ulivyosema, likakaa vibaya kabisa. Nikalifumua. Nilitaka jenerali akuone. Nilitaka aulize nani ameshona."