Pipi Zilipigwa Picha Bure

"Bima bado haijaidhinisha," alisema dada wa mapokezi, na kofia yake ya kichawi ikamshukia hadi kwenye nyusi. Aliipandisha kwa kalamu. "Pole, mzee. Siwezi kukuingiza."

Walt Pavlik alikwisha kuvua koti na kufungua vifungo viwili vya shati. Alikuja kupigwa eksrei ya kifua, na hii ilikuwa mara ya tatu kufungua vifungo na kuvifunga tena mbele ya dirisha lile lile. Umri wake ulikuwa unaelekea themanini. Usiku kikohozi chake kilimwamsha bintiye Lorna chumba cha pili: kikavu, kama mtu anayeburuta kiti juu ya saruji.

"Wiki jana mlituambia tuje leo," Lorna alisema. "Nimeomba ruhusa kule ghalani. Nusu siku, bila malipo."

"Kompyuta inasema inashughulikiwa, mama. Mimi nifanyeje?"

"Si daktari mwenyewe ndiye anayetaka hiyo picha?"

"Daktari anataka. Bima haijataka."

Ukutani walikuwa wametundika mifupa ya plastiki, ya Halowini, ile sikukuu ya watoto kujivika kama mizuka na kuomba pipi nyumba hadi nyumba, yenye taa ndani ya macho. Walt aliitazama kuanzia fuvu hadi vidole vya miguu.

"Na huyu kaidhinishwa na nani?" aliuliza. "Mbavu zake zote naziona."

Josie, mwana wa mwisho wa Lorna, aliyetolewa shuleni moja kwa moja na begi bado mgongoni, alicheka mpaka akashika meza. Dada wa mapokezi naye alitaka kucheka, akakumbuka kazi. Akasukuma bakuli mbele yao.

"Chukueni pipi. Heri ya Halowini."

Kliniki ile zamani ilikuwa duka la viatu. Hospitali yenyewe ya mji wetu wa Ketler ilifungwa. Wenye mali walioinunua walisema wagonjwa wetu hawalipi vizuri, wakabeba vitanda, wakapigilia mbao madirishani, wakaenda zao. Gari la Lorna lilipopita mbele ya zile mbao, Walt aligonga kioo kwa ukucha.

"Pale, Josie. Pale ndipo mama yako alipozipiga pipi zake picha."

"Pipi zinapigwa picha?"

"Muulize mwenyewe."

Lorna hakuwa na hamu ya hadithi, lakini hii alikuwa akiipenda. "Nilikuwa na umri wako," alisema. "Mwaka themanini na tatu. Televisheni zote zilikuwa zikisema kuna watu wanatia wembe na sindano ndani ya pipi za watoto. Basi hospitali wakafungua chumba cha eksrei usiku wa Halowini. Bure! Foleni ilizunguka jengo zima. Wachawi, malaika, maharamia, kila mmoja na mfuko wake. Mimi nilikuwa haramia. Mfuko wangu ukawekwa kwenye mashine, nikaona njugu za ndani ya pipi zangu kwenye kioo, zinang'aa kama nyota. Sijapata Halowini nyingine kama ile."

"Mlikuta wembe?"

"Wapi!"

"Sisi Jumamosi tulizunguka gari hadi gari tukiomba pipi pale kwenye maegesho ya ghala lenu," Josie alisema. "Mchana kweupe. Na yule bosi wenu anapiga picha. Eti hiyo ndiyo Halowini."

"Nilikuwa nyuma ya mama yako," Walt aliendelea, kana kwamba hakusikia. "Nimetoka zamu, nina nguo za kazi. Nikamwambia yule kijana wa mashine, bwana mdogo, maadamu imewaka, nipige na mimi. Akacheka. Foleni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka."

Kikohozi kikamshika, na Lorna akapunguza mwendo hadi kilipopita.

Nani hakuwa kwenye foleni ile? Ketler nzima ilikuwepo, na Ketler nzima ilikula kwa kiwanda cha breki, ama idara ya kusuka nyuzi za asbesto, ama ya kusaga breki. Mashine iliwashwa hadi saa tano za usiku kutafuta sindano ndani ya karanga. Akina baba waliosimama wameshika mifuko, na vumbi la asbesto limewaganda kwenye kola, hakuna aliyewaambia pandeni na nyinyi. Kiwanda kilikuwa na eksrei yake. Kila mwezi wa Machi daktari wa kiwanda, Prescott Lyle, alitupiga picha mmoja mmoja, akaishika mbele ya taa, akasema, "Safi. Rudi kazini." Picha zilikaa kwenye kabati lake. Kiwanda kilipojitangaza kimefilisika, mashine ziliuzwa na madeni yakahesabiwa hadi senti, ila kabati lile hakuna aliyeweza kusema limekwenda wapi. Tulifundishwa kuiogopa pipi ya jirani. Wembe tulikuwa tumekwisha kuumeza.

"Basi Babu awe pipi," Josie alisema kutoka kiti cha nyuma.

"Awe nini?"

"Pipi! Si pipi zilipigwa bure? Binadamu ndiye anayesubirishwa. Babu akiwa pipi, watampiga."

Lorna alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Walt hakucheka. Alikuwa akitazama juu, kule kilimani, kwenye nyumba kubwa za matofali.

"Lyle bado yuko hai?"

"Yuko hukohuko juu. Anagawa chokoleti nzima nzima. Kwa nini unadhani mji wote unapeleka watoto kule?"

"Nitafutieni karatasi," Walt alisema. "Ile ya kung'aa."

Nyumbani walimfunga kwa karatasi nyekundu ya zawadi kuanzia magotini hadi kichwani, wakaisokota juu na kuifunga kwa utepe, wakamtobolea macho. Josie alijitwika shuka, akawa mzuka. Kisha akaenda jikoni, akarudi na bakuli la unga.

"Mama, nipake usoni. Niwe mweupe kabisa."

"Usimpake," Walt alisema kutoka ndani ya karatasi.

"Ni unga wa ngano tu, Baba."

"Nimesema usimpake!"

Sauti ilikuwa kubwa kuliko kifua kile kilivyoweza kubeba. Josie aliweka bakuli chini. Ilimchukua Walt muda kupata pumzi, na alipozungumza hakumtazama mtu.

"Sisi hatukutumia unga. Unga ulikuwa chakula. Baba yangu alikuwa anatuletea vumbi la kiwandani ndani ya kopo lake la chakula. Jeupe, laini, halishiki maji. Kila nyumba mtaani kwetu ilikuwa na kopo lake. Mama anatupaka, uso, shingo, nywele, tunatoka mizuka ishirini, thelathini, tunapaka madirisha ya maduka sabuni, tunapindua mapipa ya watu. Tukikimbia, vumbi linaruka nyuma yetu kama moshi. Na Irena, dada yangu, ndiye alikuwa mzuka wa kwanza kila mwaka. Alikuwa anajipaka hadi kope. Alikuwa na miaka sita."

Lorna alimjua shangazi yake Irena: mwalimu wa shule, hakukanyaga kiwandani hata siku moja, akafa kwa kifua kabla mvi hazijamwota. Madaktari walisema ni bahati mbaya.

"Hujawahi kuniambia hili, Baba."

"Ilikuwa Halowini nzuri," Walt alisema. "Ningekuambiaje?"

Mtaa wa Juu ulikuwa umejaa magari ya watu wa chini. Watoto walikwenda nyumba hadi nyumba, wakifuata taa za baraza, kwa maana taa ikiwaka unakaribishwa, na ikizimwa unapita. Watu walimpisha Walt njiani. "Aisee, pipi inatembea!" alisema mmoja. "Mzee, nikumenye?" Walt aliinua mkono ndani ya karatasi. Alikuwa akiweka akiba ya pumzi. Alisimama mara nne kabla ya kufika kwenye ngazi za Daktari Lyle, na njia nzima alikuwa akirudiarudia maneno yake: *Mimi ni Walter Pavlik. Ulishika picha za kifua changu. Niambie uliona nini.* Hakutaka kingine. Alitaka kuambiwa akiwa angali na masikio.

Taa ya Lyle ilikuwa ikiwaka. Josie alibonyeza kengele, akapaza mwito wa Halowini.

"Pipi au vituko!"

Mlango ulifunguliwa na mzee mrefu aliyevaa sweta safi, kikapu mkononi. Alikuwa amepita miaka themanini na tano na bado alisimama wima. "Ahaa! Mzuka," alisema. "Na hii pipi kubwa namna hii, nani ataimaliza?"

Walt alifungua kinywa aseme maneno yake. Kikohozi kikawahi. Kilimkunja, karatasi ikachakarika, Lorna akamshika kiuno kwa mikono miwili.

Tabasamu la daktari lilizimika. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza, kama fundi anayesikiliza injini.

"Ulikuwa kusuka au kusaga?" aliuliza.

Walt hakuwa ametaja jina. Uso wake haukuonekana. Hakuna aliyekuwa ametamka neno kiwanda. Alirarua karatasi mdomoni.

"Kusaga," alisema. "Maisha yangu yote."

"Kusaga," Lyle alirudia polepole, kama mtu anayethibitisha. "Naam. Ndivyo wa kusaga wanavyo—" Hapo ndipo alipojisikia anachosema. Mkono wake ukaushika mlango. "Chukueni. Chukueni mbili mbili."

"Kila Machi uliniambia ni safi."

"Bwana, wakati ule mambo yalikuwa tofauti. Kulikuwa na utaratibu. Mimi nilikuwa mwajiriwa kama wewe."

"Uliniambia safi, nikarudi, nikasaga."

"Watoto wanasubiri," alisema daktari. Aliweka chokoleti moja ndani ya mfuko wa Josie kwa uangalifu, kama anayeweka yai. Mlango ukafungwa. Baada ya kitambo taa ya baraza ikazimwa.

Lorna alimshika baba yake mkono. "Twende, Baba."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hakuhitaji mashine, Lorna. Hakuhitaji bima. Amesikia tu, na mlango nusu wazi." Akajishusha taratibu, akakaa kwenye ngazi ya juu. Karatasi yake ilichakarika gizani. "Pumzikeni kidogo. Mimi siendi."

Mtu mnene mwenye tochi alikuja njiani akimshika mkono mjukuu aliyevaa kama nyuki. Akaona giza, akasimama.

"Kumefungwa, mzee?"

"Hakujafungwa. Mwenyewe yuko nyuma ya pazia. Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Emmett Gorski."

"Emmett alikuwa kusuka. Nilimzika."

"Wewe ni Walt Pavlik!" Mtu yule alimmulika miguuni kwa adabu. "Ndiyo, Baba alikuwa kusuka. Na mimi nilipata miaka minne palepale, kabla hawajafunga."

"Unakohoa?"

Gorski alimtazama mjukuu wake. "Asubuhi asubuhi," alisema.

"Wanakwambiaje?"

"Wanasema nipunguze uzito."

Nyuma yao wengine walikuwa wakipanda, baba na babu wa watu, tochi na mifuko, wakisimama walipoona taa imezimwa. Walt aliwajua nusu yao kwa namna walivyopumua.

"Panda ugonge," alimwambia Gorski. "Akifungua, usiseme neno. Kohoa tu, umsikilize atakavyokuuliza."

Gorski alimpa Josie tochi na mkono wa yule nyuki. Akapanda ngazi, akampita Walt, akagonga. Pazia lilitikisika. Akagonga tena.