Anayegonga Nyuma ya Mwamba

Mzee alichimba mgodini miaka ishirini na saba, hadi magoti yakamkatalia. Binti yake, muuguzi, alipoona baba anashinda akikodolea dari macho, alimwekea kwenye kompyuta mchezo wa kuchimba: unatengeneza sururu, unashuka ardhini kutafuta madini, na unahangaika usife njaa. Mzee alicheka, eti ng'ombe kastaafu kulima sasa anachorewa jembe. Wiki haikuisha, akanogewa.

Alasiri hiyo binti alikuwa akipiga pasi sare zake chumba hichohicho. Mzee alifuata mshipa wa chuma, doa la kutu likimwonyesha jingine, mpaka akafika penye kijito cha chini kwa chini. Njia ikakata kushoto, ikateremka ngazi tatu. Njia ile aliijua tangu enzi za mgodini. Mbele kidogo dari ingeshuka hadi mtu ainame. Akasogea, na dari ikashuka.

Mwisho palikuwa na ukuta uliojaa chuma. Nyuma yake kitu kikagonga mara tatu, kikanyamaza, kikagonga tena mara tatu.

Mzee akauliza kama kuna mwingine anayecheza. Binti akaja kuangalia, akasema hakuna, hata mtandao umezimwa. Lakini na yeye alikuwa ameusikia mlio ule, na haikuwa pasi, maana alikuwa ameichomoa.

"Hapa ndipo tulipomwacha Mluzi," mzee alisema. "Aligonga hivihivi. Msimamizi akasema ni mawe yanatulia, nasi tukatoka."

Nyumbani miaka yote ilijulikana kwamba Mluzi, aliyekuwa chanda na pete na mzee, alikufa papo hapo mwamba ulipoporomoka. Binti alivuta kiti, akakaa.

"Chimba, baba."

Akachimba. Kila kipande cha chuma kilipovunjika mlio ulikaribia, hadi pakabaki kipande kimoja, ukakoma. Nyuma yake kulikuwa na chumba kidogo kikavu, mwenge ukiwaka ukutani. Mtu hakuwamo. Mzee hakuokota chochote. Aliutazama mwenge kwa muda mrefu, kisha akaomba viatu vyake.

Mjane wa Mluzi alikaa mtaa wa pili. Aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni, macho makavu, halafu akauliza neno moja tu: aligonga kwa muda gani?

"Tulipofika juu, shemeji, bado tulikuwa tunamsikia."

Mjane akaitikia kwa kichwa, kisha akafunga mlango polepole, bila kuubamiza.