Betri Iliyoanikwa Juani

Naapa kwa pensheni yangu ya reli, ambayo ni ndogo lakini ninaipenda: haya yote ni kweli tupu. Pale nilipotia chumvi nimeshaikung'uta. Kuna mamba mmoja nilitaka kumwingiza kwenye habari hii, nikamwacha, maana hakuwepo.

Mwaka ule wa mvua za Elinino bonde letu la Kilombero liligeuka bakuli la uji. Hapa kijijini Mbingu samaki waliingia jikoni wenyewe wakakaa kusubiri sufuria. Tulicheka kidogo. Kisha mto ukamchukua Dionisi.

Dionisi alikuwa mtoto wa Merina, jirani yangu. Alifanya kazi kwenye mradi wa utafiti wa malaria wenye ofisi Ifakara, anapita kijiji kwa kijiji kuuliza nani analala ndani ya chandarua na nani anakivulia dagaa. Mtumbwi ukapinduka upande wa Malinyi. Wenzake wakaokolewa, yeye hakuonekana tena. Matanga tulikaa bila mwili na bila jeneza, tunatazamana tu. Na nyumba ya Merina nayo ilikuwa imeingia maji mpaka dirishani. Sanduku la picha likalowa, kila uso ukawa ukungu.

Merina na mimi ni watani, ukoo kwa ukoo. Yeye alikuwa na ruhusa ya kuniita fisi mbele ya padri, na mimi ruhusa ya kusema mapishi yake yameua watu wengi kuliko mafuriko. Tulitumia ruhusa hizo kila siku ya Mungu.

Maji yalipopungua, Merina akaanguka. Miguu ikavimba, tumbo likavimba, hospitali wakamrudisha nyumbani. Sote tunajua maana ya kurudishwa. Alikuwa analala macho yamefumbwa kutwa nzima, na ombi lake lilikuwa moja: auone uso wa mwanawe.

"Uso wake unaanza kunitoka," alimwambia binti yake Rosemery. "Nikimtafuta namwona baba yake. Nitafika kule nipishane naye njiani."

Ndipo akaja Noela, msichana aliyekuwa akifanya kazi na Dionisi. Alishuka kwenye treni amebeba mkoba mweusi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Ndani mlikuwa na laptopu ya ofisi aliyokuwa anaitumia marehemu. Mzungu wa mradi alimpiga Dionisi picha kwa kamera isiyo na filamu, wakaiingiza humo, na haikuwahi kuchapwa popote. Tatizo, mashine ilikuwa imelala kabatini tangu msiba, na sasa ilikuwa haiwaki.

"Shikamoo babu," akaniambia. "Nimeambiwa wewe ni fundi."

"Marahaba. Fundi ni neno dogo. Mimi nimewahi kuunganisha simu ya stesheni kwa kambale anayepiga shoti. Tukaongea na Mlimba mpaka samaki akachoka."

Akanitazama bila kucheka. "Basi hii itakuwa rahisi kwako."

Tukaenda misheni, kwenye jenereta ya Bruda Hilari. Noela akachomeka chaja. Katika laptopu ikawaka taa ndogo ya rangi ya chungwa, ikapepesa, ikazimika. Akachomoa, akachomeka tena. Ikapepesa, ikazimika.

"Jenereta yangu isisingiziwe," akasema Bruda. "Friji inakunywa hapo hapo na hailalamiki."

Tukahamia soketi nyingine. Mambo yale yale. Nikaipima chaja kwa taa ya pikipiki. Taa ikang'aa, kwa hiyo chaja ilikuwa nzima. Noela akaitoa betri tumboni mwa mashine, tukavisugua vile vibati vya shaba vinavyopitisha umeme kwa raba ya kufutia, tukavipuliza, tukairudisha. Ikapepesa, ikazimika.

"Iwashe bila betri, kwa waya tu," nikasema.

"Aina hii haikubali, babu. Lazima betri iwe na uhai kidogo ndipo mashine iamke."

"Kwa hiyo mgonjwa ni betri."

"Betri. Imekaa mno bila chaji."

Tuliiacha kwenye umeme mpaka Bruda akaanza kutaja bei ya dizeli. Haikushika kitu. Treni ya kurudi Ifakara ilikuwa bado, barabara ilikuwa imekatika, na Merina asingesubiri vyote viwili.

Sasa, nani hapa bondeni hajui kufufua betri? Za tochi zikichoka unazianika juani juu ya bati, jioni redio inasoma taarifa ya habari mpaka mwisho. Mimi mwenyewe nimezifufua nyingi, nyingine zikawa na nguvu kuliko zilipotoka dukani.

"Hii si betri ya tochi," Noela akasema.

"Betri ni betri. Una njia nyingine?"

Hakuwa nayo. Akanipa.

Niliianika uwanjani kwa Merina, juu ya kipande cha bati jeusi, karibu na mpunga uliokuwa unakauka. Jua la baada ya mvua lilikuwa linakata kama panga. Nikamwambia Rosemery amwandae mama, kwamba Dionisi yuko njiani. Naye akaenda akamwambia hivyo hivyo.

Kwanza betri ilipinda. Kisha ikavimba, ikaanza kufoka kama chatu aliyekanyagwa. Ikapasuka. Maji meusi yakachuruzika kwenye bati, yakatoa harufu iliyowakimbiza kuku mpaka kwa jirani. Noela akakaa chini palepale, kwenye mpunga wa watu, akajifunika kanga usoni.

Rosemery akachungulia mlangoni. "Mama anauliza kama ameshafika."

Nilichukua laptopu tupu, nikaipangusa kwa shati langu, nikaingia.

Merina alikuwa ameegemezwa ukutani, macho yamefumbwa. Nikakaa kando ya kitanda, nikaifunua mashine magotini mwake, nikabofya hapa na pale ili isikike kelele ya kazi.

"Huyo hapo, mtani. Ametoka vizuri kuliko wewe ulivyowahi kutoka maishani mwako."

"Amevaa nini?"

"Shati la bluu, limepigwa pasi. Kola imesimama. Anakutazama wewe moja kwa moja, kama anataka kukuuliza kama kuna chakula."

"Amekonda?"

"Akonde! Mashavu kama ya mwenyekiti wa ushirika."

Mlangoni Rosemery alikuwa ameziba mdomo. Mimi nikanogewa. Nikatia saa mkononi mwa Dionisi, nikatia mwembe nyuma yake, nikautia na matunda. Nilipomaliza, Merina alikuwa amefumbua macho, anakitazama kioo cheusi kwa muda mrefu.

"Mtani."

"Naam."

"Mbona ninayemwona ana ndevu nyeupe na pua kama ndizi mzuzu?"

Nikainama kutazama. Katika kile kioo kilichozimika nilikuwemo mimi, nimejaa tele, mdomo wazi.

"Kila mtu anadhani sioni," Merina akasema. "Nafumba kwa sababu mnachosha kuwatazama." Akavuta pumzi, ikamkatikia katikati. "Nimekukamata, fisi. Lipa."

"Nitaleta jogoo."

"Nitamtafuna kwa pumzi ipi? Utanichimbia kaburi. Wewe, siyo vijana. Na ulichimbe pana, la watu wawili. Utaweka na nguo zake upande wangu wa kushoto."

Nikasema sawa.

"Haya," akasema, akafumba macho tena. "Endelea. Ule mwembe ulikuwa wa wapi?"

Nikaendelea. Sikunyamaza mpaka alipolala.

Alifariki kabla treni haijapita. Noela alirudi na mashine ile imefungwa kwenye kanga, na sijui ofisi walimwambia nini.

Mimi nilichimba. Ardhi ya Mbingu mwaka ule ukifika magotini inatoa maji, kwa hiyo nilikuwa nachota maji kwa ndoo sawa na ninavyochimba kwa jembe, na kuta zinaporomoka. Vijana walikuja na majembe yao, Rosemery akawafukuza. Alikuwa amesimama ukingoni, ameshika shati la Dionisi lililokunjwa. Mchana nikamuuliza kama sasa kaburi linatosha.

Akashuka shimoni, akajilaza kwenye tope pembeni yangu, akanyoosha mkono wa kushoto mpaka ukagusa ukuta.

"Bado, babu," akasema. "Ongeza."