Ya Kiswidi au ya Kiingereza

Orrin Tveit aliitamani bunduki ya Kiswidi ya rafiki yake Clayton miaka mingi, mpaka mkewe Solveig akaligeuza jambo hilo kuwa mzaha wa nyumbani. "Siku ukifa," alikuwa akimwambia, "utamwomba Mungu akupitishe kwa Clayton kwanza ukaiage." Basi siku Clayton Brusveen alipopiga simu na kusema njoo uchague moja, ile Mauser ya Kiswidi au ile Enfield ya Kiingereza, nakupa bure, Orrin angepaswa kurukaruka. Badala yake aliingiwa na wasiwasi.

"Bure? We mzee umeanza kunywa asubuhi?"

"Bure, bwana. Njoo kabla sijabadili mawazo."

Ilikuwa Novemba, msimu wa kuwinda kulungu unakaribia, na kila mtu jimboni Wisconsin alikwisha kutoa koti lake la kuwindia la rangi ya chungwa kabatini. Orrin aliendesha polepole kwenye barabara aliyoizoea, maana maisha yake yote ya kazi alikuwa dereva wa lori la maziwa. Njiani alijiambia kwamba wasiwasi ule ni wa kawaida, wasiwasi wa mkusanyaji yeyote. Mtu akipewa kuchagua kati ya vitu viwili vizuri, lazima aogope kukosea. Ile ya Kiswidi ilikuwa ndefu, imetengenezwa kwa mkono wa fundi asiye na haraka, na namba zilizogongwa kwenye vipande vyake zote zililingana, kuanzia mtutu mpaka bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani. Ile ya Kiingereza ilikuwa fupi na nzito, imekwenda vitani na kurudi na kovu kwenye kitako. Majeshi yalizichoka yakaziuza kwa makreti, na watu kama yeye na Clayton wakazipenda.

Clayton alifungua mlango kabla hajabisha. Alikuwa amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi.

"Umependeza," Orrin alisema. "Unaenda kuoa?"

"Ingia, acha kelele."

Tangu mkewe Arlys azikwe majira ya joto, jiko la nyumba ile lilikuwa limejaa vyombo vichafu na magazeti. Leo liling'aa. Hapakuwa na hata kijiko nje ya mahali pake. Orrin alitaka kufurahi, lakini furaha ikagoma kuja. Juu ya meza, kwenye blanketi la kijivu, bunduki mbili zililala ubavu kwa ubavu. Nyuma ya meza, ukutani, rafu ndefu ya bunduki ilikuwa tupu.

"Nyingine ziko wapi?"

"Nimemuuzia yule jamaa wa duka la mjini. Zote."

"Zote? Wewe uliyeninyima hata kuzifuta vumbi?"

"Nilikunyima kwa sababu una mikono ya kukamua ng'ombe. Haya, chagua."

Orrin akainua ile ya Kiswidi. Akafungua bolti, akahakikisha hamna kitu ndani, akachungulia mtutu dhidi ya mwanga wa dirisha. Ulikuwa safi kama kioo. Akapitisha kidole kwenye kisahani cha shaba kilichopigiliwa kitakoni. Akairudisha, akashika ile ya Kiingereza. Bolti yake iliteleza laini, kama imepakwa siagi. Akairudisha nayo.

"Chukua ya Kiswidi," Clayton alisema. "Si ndiyo umeililia siku zote?"

"Subiri kidogo. Mbwa yuko wapi? Sijasikia akibweka."

"Tussa nimempa yule mama wa shamba la pili. Ana watoto pale. Mbwa anapenda watoto."

Tussa alikuwa akilala miguuni pa Clayton hata kanisani, mpaka mchungaji akachoka kulalamika.

"Na kulungu je? Jumamosi tunaondoka saa ngapi?"

"Mwaka huu nendeni bila mimi."

"Na hii nitakayoiacha, utaifanyia nini, moja peke yake?"

Clayton aligeuka akatazama nje, kwenye bustani ya Arlys iliyokauka. "Itakaa tu," alisema.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia Orrin. Mkono wake ulikuwa juu ya blanketi, kati ya bunduki mbili, na hakuthubutu kuusogeza. Akichukua ya Kiswidi, ya Kiingereza itabaki kwenye nyumba hii iliyosafishwa. Akichukua ya Kiingereza, ni hivyo hivyo. Akakumbuka kwamba mwenye duka hununua bunduki, lakini risasi za watu hanunui. Zilikuwa humu humu, mahali fulani. Na kama amewaza vibaya bure? Atamvunjia heshima rafiki wa miaka yote hiyo. Na kama hakuwaza vibaya?

"Clayton, unafikiria kujiua?"

Clayton akageuka, uso umemwiva. "Nimekuita uchague bunduki, hujaitwa kunipima akili. Chukua yako uende."

"Nijibu kwanza."

"Nenda nyumbani, Orrin!"

Orrin alivuta kiti akakaa. Hakuwa mtu wa maneno. Kwenye lori alizoea kuzungumza na redio. Aliogopa kila sentensi iliyomjia, akaziacha zote, akangoja.

Friji ilinguruma, ikanyamaza.

"Umeisikia hiyo?" Clayton alisema hatimaye. "Hiyo ndiyo inayoongea na mimi siku nzima. Juzi nilikaa hapo ulipokaa, nikaona ingekuwa rahisi. Kama kuzima taa. Nikasema basi nisafishe nyumba, binti yangu asikute uchafu." Akajifuta pua kwa mkono wa shati lililopigwa pasi. "Ile ya Kiswidi niliona haya kuiacha. Nilitaka uwe nayo."

"Nazichukua zote mbili."

"Nilisema moja."

"Nimesikia. Wala sichukui hata moja iwe yangu. Nakutunzia. Na risasi unanionyesha zilipo, sasa hivi."

"Nikikataa?"

"Nitakaa jikoni humu mpaka Krismasi. Na unajua ninavyokoroma."

Clayton alicheka, kicheko kikageuka kilio. Orrin alimshika bega asijue amshike vipi. Kisha akachomoa bolti za bunduki zote mbili, zisiweze kufyatua, akazitia mfukoni mwa koti. Akampigia Solveig, naye Solveig akampigia Karna, binti wa Clayton, huko Duluth. Bunduki zikaenda kwenye buti la gari chini ya blanketi, na Clayton akaketi mbele, kofia mapajani, mpaka hospitali. Njia nzima alisema neno moja tu: "Polepole." Barabara ilikuwa imeanza kuganda.

Walimlaza kwa siku kadhaa. Karna alikuja, akakaa naye mpaka baada ya sikukuu ya Shukrani, akapanga siku za daktari. Bunduki zilifungiwa kwa Orrin kwenye kabati la chuma, bolti zikakaa kwa Solveig. Hakuna aliyezungumzia ni za nani.

Majira yote ya baridi Orrin alikwenda kila asubuhi kunywa kahawa kwa Clayton. Siku nyingine Clayton aliongea sana, siku nyingine alifungua mlango akarudi kukaa bila hata salamu. Orrin hakuzoea. Kila alipokata kona ya mwisho, roho ilikuwa juu mpaka amwone mtu dirishani.

Asubuhi moja ya Machi hakukuwa na mtu dirishani. Alibisha, kimya. Akaita, kimya. Akazunguka nyumba akikimbia, mzee mzima, akianguka kwenye theluji na kuinuka.

Clayton alikuwa nyuma ya ghala, juu ya ngazi, akisukuma theluji kutoka paani kwa koleo.

"Umechelewa," alisema. "Shika ngazi, inayumba."

Orrin alishika ngazi kwa mikono miwili, akaegemeza paji la uso kwenye ubao wake wa baridi, na theluji ikamwangukia shingoni.

"Unalia, we mzee?"

"Shuka kwanza," alisema Orrin. "Shuka, tafadhali."